Sura ya Sita: Ndevu za Usiku Mmoja

Kabla sijashika gundi wala mkasi, huwa namkalisha mwigizaji mbele ya taa na kumwomba ainue kidevu, anyamaze. Natafuta mahali ambapo ndevu zisingeota hata angeziachia mwaka mzima. Kila mwanamume ana mahali hapo. Kuna ambaye sharubu zake hazikutani na ndevu za kidevuni, pembeni mwa mdomo pamebaki peupe. Kuna ambaye shavu moja limejaa na la pili lina mabaka. Katikati, chini ya mdomo, panaota kijichaka kidogo, na kulia na kushoto mwake ngozi iko wazi. Chini ya pua kuna kile kijifereji kinachoshuka hadi mdomoni, na humo nywele ni za kuhesabu. Nikishayaona mapengo hayo nayachora kwa penseli ya wanja, nukta mbilimbili, ili nisije nikayaziba kwa pupa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wangu karibu wote huanza kwa kuuliza nywele: zinauzwa wapi, bei gani, rangi gani. Nywele zitapatikana. Kinachomfanya mtazamaji aamini kwamba ndevu zimeota ni ngozi anayoiona katikati ya nywele.

Kwetu adui mkubwa wa ndevu ni pamba. Nani hajaona mchezo wa shule au wa kanisani ambamo babu amebandikwa bonge la pamba kidevuni? Nilifanya hivyo mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Mwenzetu aliigiza mzee aliyefiwa na mwanawe, nami nikampaka gundi ya karatasi na kumbandika pamba kuanzia sikio hadi sikio. Ukumbi ulikuwa wa bati, joto la mwezi wa pili. Alipofika kwenye maombolezo, jasho lilikuwa limeshafanya kazi yake. Upande wa kushoto ukabanduka na kuning'inia. Watu walicheka mahali palipotakiwa machozi. Yule kijana aliendelea hadi mwisho, sauti ikimtetemeka, na tetemeko lile halikuwa la mzee aliyefiwa tena. Sijaisahau sura yake. Nadhani kazi yangu yote ya miaka hii nimeifanya ili nisimfanyie mtu mwingine vile.

Pamba ina kasoro hata isipobanduka. Haina unywele mmojammoja. Taa ikiipiga, mwanga unazama humo na kufia humo, na ngozi haionekani kabisa. Ukingoni inasimama kama ukuta, wakati ndevu za kweli huanza kwa unywele mmoja, wa pili, wa tatu, kisha ndipo zinasongamana.

Si kila ndevu ya jukwaani inataka kuaminiwa hivyo. Katika opera ya Beijing mwigizaji hutundika ndevu masikioni kwa waya, pazia zima la nywele za yaki, yule mnyama wa jamii ya ng'ombe wa nyanda za juu za Tibet. Wote wanajua kwamba zimetundikwa, na urefu wake na rangi yake ndivyo vinavyosema huyu ni nani. Mafarao walivaa ndevu za bandia kama alama ya enzi, na Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri katika karne ya 15 kabla ya Kristo, alichongewa sanamu akiwa nazo. Naziheshimu sana kazi hizo. Ila tamthilia inapomweka mbele yetu mtu wa kawaida, mwenye deni na binti na hasira zake, basi ndevu zake lazima ziwe zimeota usoni pake.

Elimu yangu ya ndevu niliipata kwenye benchi la kinyozi, Magomeni. Nilimwomba ruhusa mwenye duka, mzee mpole, nikawa naketi pale Jumamosi na daftari. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kabla ya kunyoa alipitisha kiganja shingoni mwa mteja, kwenda na kurudi. Nikamuuliza anatafuta nini. "Njia," akanijibu. Ndevu zina njia. Mashavuni hushuka kuelekea tayani. Kwenye kidevu hushuka wima. Shingoni kila mtu ana lake: wengine zinapanda, wengine zinalala ubavu, wengine zinazunguka kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Kinyozi asiyeijua njia humwachia mteja vipele. Mpambaji asiyeijua hubandika nywele zinazokwenda mahali zisipokwenda nywele, na hadhira hata kama haijui kasoro iko wapi, jicho linakataa.

Pale ndipo nilipojifunza pia kuhusu nywele zetu wenyewe. Nywele za Waafrika wengi hutoka kwenye kinyweleo kilichopinda, na unywele wenyewe ukiukata haupo mviringo kamili, umebonyea kama utepe. Ndiyo maana unajikunja. Ukinyolewa karibu sana, ncha yake kali hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vinapoanzia. Kwa mpambaji maana yake ni hii: ndevu fupi za mwanamume wa kwetu haziko kama majani yaliyosimama. Ni vijipete vidogo, kila kimoja kimejikunja peke yake, na kati ya kijipete na kijipete kuna ngozi.

Vitabu vingi vya ufundi huu viliandikwa huku mwandishi akiwa na uso mwingine akilini. Kitabu cha Richard Corson kuhusu upambaji wa jukwaani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1942, nimekisoma mpaka jalada likaachia, na bado nakipendekeza. Lakini ukifuata vitabu vya aina hiyo neno kwa neno utafika mahali unapotakiwa kuichukua sufu ya krepu na kuinyoosha. Sufu hiyo huuzwa ikiwa imesukwa kwenye kamba nyembamba. Ukiikata kamba, inatoka imejikunja mawimbi kwa mawimbi. Vitabu vinakwambia uiloweshe, uifunge kwenye miguu ya kiti ikauke imenyooka, au uipige pasi ya mvuke. Kwa ndevu za Mzungu, au za Mwarabu mwenye nywele za mawimbi, sawa. Kwa mzee wa Kigogo au wa Kikuyu, acha! Mkunjo ule unaoambiwa uuondoe ndio utajiri wako. Ichambue kwa vidole, ikate vipande vifupi, izungushe kidogo kati ya viganja viwili, na utapata kitu kinachokaribia ndevu za mjomba wako kuliko chochote cha dukani. Nywele za rasta za plastiki nimezijaribu mara nyingi kwa sababu zipo kila duka la Kariakoo na ni rahisi, lakini zinang'aa mno chini ya taa. Ukizichanganya kidogo na sufu ndani kabisa, mahali pasipoonekana, zinasaidia kujaza. Juu usiziweke.

Kadhalika rangi. Kwa ndevu za siku mbili tatu, vitabu vinashauri kugongagonga kwa sponji yenye matundu makubwa rangi ya kijivu iliyochanganywa na buluu. Kwenye ngozi nyeupe, unywele uliokatwa usawa wa ngozi huonekana kama kivuli cha buluu. Kwenye ngozi nyeusi buluu ile hugeuka majivu, na mwigizaji anaonekana kama aliyetoka kupuliza jiko. Mimi hutumia nyeusi iliyolainishwa kwa kahawia nzito, tena kwa nukta chache. Pakihitajika ndevu fupi zinazoonekana hata kwa karibu, nazikata nywele ziwe vumbi, napaka kidevuni tabaka jembamba la nta, kisha nazigusisha kwa brashi pana ya poda. Urefu wa vumbi hilo si wa kubahatisha. Ndevu hukua chini kidogo ya nusu milimita kwa siku, kwa hiyo mtu aliyelala mahabusu usiku tatu ana milimita moja na kitu. Ukimpa milimita tano umempa wiki mbili, na hadithi yako imeshaharibika kabla hajafungua mdomo.

Sasa niwaeleze uso mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tulikuwa tunaandaa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Kijana wa miaka ishirini na mbili, shavu laini kama la mtoto, alipewa Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi mwenye binti wa kuolewa. Ndevu hapa si pambo. Tamthilia yenyewe inasema kwamba mfanyabiashara Antonio alimtemea mate ndevuni, na Shylock anamkumbusha hilo siku anapokuja kukopa. Bila ndevu za kuaminika, tusi lile halina pa kutua.

Mwongozaji wetu alitaka nyekundu. Alikuwa amesoma kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi Uingereza, na alikuwa amesoma sawa: kwa muda mrefu Shylock alivalishwa nywele na ndevu nyekundu, mavazi ya kuzomewa. Nikamkumbusha kuhusu mwigizaji Edmund Kean. Januari 1814, katika ukumbi wa Drury Lane, London, Kean alitokea kama Shylock akiwa na nywele na ndevu nyeusi, na usiku ule watu waliona mwanadamu aliyedhulumiwa, akadhulumu naye. Rangi peke yake haikufanya kazi hiyo, uigizaji wake ulikuwa moto, lakini alijua kwamba nyekundu ingemfungia mlango kabla hajaanza. Tulibishana siku mbili. Nilikataa katakata kumbandika mtu yeyote ndevu za kuchekesha watu wake. Mwisho tulikubaliana: nyeusi iliyoingia mvi, ndevu za mtu wa miaka sitini ambaye hana muda wa kujitazama.

Siku moja kabla ya onyesho la kwanza nilimpaka kijana tone la gundi ndani ya mkono, tukaliacha saa kadhaa kuona kama ngozi itageuka. Gundi ya spiriti ni utomvu wa miti ulioyeyushwa kwenye spiriti. Ngozi nyingi huivumilia, nyingine huvimba. Nilimwagiza anyoe asubuhi, asinyoe jioni, maana spiriti kwenye ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe ni moto. Na hapa niseme kwa sauti: ile gundi ya madukani inayoshika papo hapo, ya viatu na plastiki, haigusi uso wa mtu. Kamwe. Hata farao Tutankhamun alidhuriwa na gundi isiyofaa. Mwaka 2014 ndevu za kinyago chake cha dhahabu zilibanduka kwenye makumbusho mjini Cairo, zikarudishwa haraka kwa gundi ya epoksi, na mwaka uliofuata mafundi wakatumia wiki nyingi kuikwangua kabla ya kuzibandika upya kwa nta ya nyuki.

Nilichanganya sufu ya rangi nne: nyeusi, kahawia nzito, kijivu na nyeupe. Unashika fungu la kila moja, unayavuta kwa mikono miwili yaachane, unayalaza pamoja, unavuta tena, mpaka hakuna rangi inayojitenga. Nyeupe nyingi niliiweka fungu la kidevu, kwa sababu kwa wanaume wengi mvi hutangulia pale, kisha hupanda pembeni. Ndevu za rangi moja hazipo duniani, isipokuwa zilizopakwa.

Nilianzia chini ya kidevu, karibu na koo. Aliyewahi kuezeka makuti ataelewa mara moja: paa huanzwa ukingoni, safu ya juu ikalalia ya chini, mpaka kileleni. Ukianza juu, kila safu itaonyesha shina lake. Napaka gundi eneo dogo, la ukubwa wa sarafu, naigongagonga kwa kidole mpaka inaanza kuvuta nyuzi kati ya kidole na ngozi. Ikiwa bado maji, nywele zitaogelea. Nashika fungu jembamba, nakata ncha zake kwa mshazari, nabandika ncha tu. Nywele za chini ya kidevu nazielekeza mbele. Kisha nakandamiza kwa kitambaa kibichi kisichotoa manyoya, nahesabu kumi. Fungu jingine. Safu ya pili. Ya tatu inafika kwenye ncha ya kidevu na hapo njia inageuka, nywele zinaanza kushuka. Kijana alikuwa kimya, macho kafumba.

"Mama, zinawasha."

"Zinawasha au zinachoma?"

Akafikiri. "Zinawasha tu."

"Basi vumilia, mwanangu. Zikichoma niambie saa hiyohiyo, natoa zote."

Mpambaji ajizoeze kuuliza swali hilo. Kuwasha ni sufu. Kuchoma ni ngozi inayoomba msaada.

Kwenye mataya nilipanda taratibu hadi kwenye sharafa, mafungu yakizidi kuwa membamba kadiri ninavyopanda. Ukingo wa juu, pale shavuni, ndipo kazi inapopimwa. Niliacha mafungu kabisa, nikabandika unywele mmojammoja kwa kibanio, na chini yake nukta za penseli, nyingine zikiwa nje kabisa ya mstari, kama mbegu zilizoruka shamba. Vijana wa leo wana mstari uliochongwa na kinyozi, na ukimpamba kijana wa leo uuchonge. Mstari ule unatuambia ana kioo, ana Ijumaa, ana mtu anayemtazama. Shylock wetu hakuwa na mtu wa kumtazama.

Sharubu nikaziweka mwisho, kuanzia pembe za mdomo kuingia katikati, na kijifereji kile nikakiachia ngozi. Hapo nilimtaka acheke, apige miayo, aseme "baba, papa, bibi". Sharubu zikibandikwa mdomo ukiwa umefungwa, neno la kwanza lenye sauti ya midomo litaziinua. Nikazikata fupi juu ya mdomo. Charlie Chaplin alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba alipojitengenezea yule mzururaji wake mwaka 1914 alichagua kisharubu kidogo ili kimwongezee umri bila kumfichia uso. Miaka zaidi ya mia imepita na sijui kanuni bora kuliko hiyo. Mdomo wa mwigizaji ni mali yake; tusiuzibe.

Baada ya hapo ni mkasi na kitana, kupunguza, kuvuta nywele zisizoshika. Wanaoanza huogopa kuvuta. Bora itoke mkononi mwako kuliko kwenye bega la Antonio.

Ilichukua saa moja na robo. Usiku wa tatu nilishafika dakika arobaini.

Zipo njia nyingine. Ukitaka kuzitumia ndevu zilezile kila usiku, tangulia kupaka tabaka kadhaa za lateksi, bandika juu yake, kisha bandua kipande kizima. Ila wapo ambao ngozi zao haziivumilii lateksi, uliza mapema. Njia bora kuliko zote ni lesi nyembamba inayofumwa nywele kwa kisindano chenye ndoano, fundo kwa fundo: ndani mbili tatu kwa pamoja, ukingoni moja tu. Ni kazi ya siku nyingi. Kwa kamera ya karibu hakuna mbadala, kwa sababu kamera huona gundi inavyong'aa, na nukta za penseli zinazotosha mtu wa safu ya kumi huonekana kuwa penseli. Watengenezaji wa filamu zetu huniambia lesi ni ghali na mafundi hawapo. Mafundi wapo. Wasusi wanaotengeneza mawigi ya lesi wanayajua mafundo hayo kwa vidole. Hakuna aliyewaomba wafume ndevu. Na lesi inayokuja ikiwa nyeupe mno kwa ngozi zetu, ichovye kwenye chai ya rangi, ikaushe, itazame, ichovye tena.

Kuhusu jasho, pwani hatuna pa kukimbilia. Mdomo wa juu hutoa jasho kwanza, tena ndio unaotembea kuliko sehemu zote, hivyo sharubu ndizo zinazoasi. Kabla ya gundi safisha ngozi kwa spiriti kidogo ili kuondoa mafuta, usipake losheni siku hiyo, na kwenye mapumziko gusa jasho kwa karatasi laini bila kusugua. Gundi za akriliki zinazotengenezwa kwa ajili ya ngozi hustahimili unyevu kuliko gundi ya spiriti. Nikizipata ndizo ninazotumia mdomoni, na kwingine naacha spiriti.

Usiku ule wa kwanza wa Shylock wetu nilisimama pembeni mwa pazia, chupa ya gundi mkononi. Antonio alipokuja kuomba zile ducati elfu tatu, kijana hakupandisha sauti. Aliinua mkono, akazishika ndevu zake kidevuni, akazivuta taratibu hadi kwenye ncha, kama anayefuta kitu kilichokauka pale zamani. Tendo hilo hatukulifanyia mazoezi. Ukumbi ulinyamaza. Nikahesabu mafungu ya chini ya kidevu kichwani, lile la tatu nililolitilia shaka, na mkono wake ukalipita, likashika.

Saa nne usiku aliketi tena kwenye kiti. Nilipitisha pamba yenye dawa ya kuyeyushia gundi chini ya ukingo wa shavu, nikasubiri iingie, nikasogea kidogo. Hakuna kuvuta. Nywele zilitoka vipande vipande nikaziweka kwenye bakuli, nyeusi na mvi zimeshikana, kisha nikampaka mafuta ya nazi kidevuni ambako palikuwa na wekundu mdogo. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akijishikashika shavu.

"Kesho tena saa kumi na moja, Mama?"

"Saa kumi na nusu. Na unyoe asubuhi."

Kubandua ndevu, siku hizi, ndiyo kazi pekee ninayoipa pamba.